Pleti ya meza ya rauta: nitaipata wapi au nitaitengeneza vipi hapa Amu (Lamu)?

fundi_mkomani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wadau wa mbao.

Niko Amu mjini, kazi yangu ni fremu za milango, madirisha na vitanda. Mbao zangu mbambakofi na mvule kwa wingi, msaji ukipatikana. Nina rauta kubwa (mashine ya kukata mifuo na ngazi kwenye mbao kwa biti inayozunguka), Makita 3612, ile ya koleti (kishikio cha biti) ya nusu inchi, na nataka kuifunga chini ya meza ikiwa imepinduliwa, biti itokeze juu, mbao ndio ipite na mashine itulie. Sababu kubwa ni ribeti za vioo, ile ngazi inayokatwa kwenye ukingo wa fremu ili kioo kikae. Siku hizi kila mwenye nyumba ya wageni ataka dirisha la mbao la kizamani lakini liwe na kioo na wavu wa mbu, na ribeti ya milimita 10 kwa 10 ukiifanya na mashine ya karibu kilo 6 iliyokaa juu ya kipande cha upana wa inchi mbili, mashine yayumba tu hata uwe na mkono gani, na mbambakofi ikishachimbika pale imechimbika, huna cha kuifukia.

Meza yenyewe siulizi, meza ntapiga mwenyewe. Naulizia ile pleti, kile kipande kigumu chembamba kinachokaa katikati ya meza na rauta ikafungwa chini yake. Za dukani huko nje kipimo chake cha kawaida ni inchi 9 na robo kwa 11 na robo tatu, yaani kama milimita 235 kwa 298, na unene wa robo inchi kwenda milimita 9 na nusu. Bei ya pleti yavumilika, lakini ukitia usafiri, ushuru, na mpaka ivuke maji kutoka Mokowe, pesa zile nanunua mbao za dirisha zima. Na nyingi nilizoziona mashimo yake yametobolewa kwa rauta za soko la Marekani, yangu haimo.

Kwa hivyo: kuna mtu Lamu au Malindi ashaiona ikiuzwa? Kama hakuna, nitengeneze na nini, alumini, chuma, paspeksi (ile plastiki ngumu kama kioo), plaiwudi? Unene gani? Na haya mashimo ya skrubu nayahamisha vipi yakae pale pale? Msisahau niko karibu na bahari, chuma hapa chaliwa na kutu ukikiangalia.

---

seremala_maweni

Waaleikum salaam kaka. Niko Malindi, nafanya kabati za jikoni na vitanda vya hoteli. Hapa Malindi sijaiona ikiuzwa, hadwea wanaweka rauta, trima (zile rauta ndogo) na biti, pleti hawaweki. Usipoteze nauli kuja kuitafuta, tengeneza. Ni kazi ya mchana mmoja ukiwa na bodi sahihi mkononi.

Ila kwa wanaosoma na hawajajua kwa nini hii pleti ipo, ngoja niseme, maana nimeona vijana wanafunga rauta moja kwa moja chini ya meza ya plaiwudi mbili zilizogandishwa halafu wanashangaa biti haitokezi. Rauta kama hiyo yako inashusha biti kama milimita 60. Meza ya plaiwudi mbili za 18 ni 36. Toa 36 kwenye 60 umebaki na 24, na bado hujahesabu shingo ya biti inayokaa ndani ya koleti. Ukiweka pleti ya milimita 6 umebaki na 54. Ndio kazi yake hiyo, iwe nyembamba ili biti ifike, na iwe ngumu ili isipinde na ile kilo 6 inayoning'inia usiku na mchana. Vitu viwili vinavyovutana, ndio maana sio kila bodi inafaa.

Mimi yangu ni alumini ya milimita 6, bamba tupu lisilo na maua. Msichukue ile yenye madoadoa ya kukanyagia ngazi, mbao haitelezi juu yake na haikai sawa.

---

kijana_wa_shela

paspeksi je? watu wa mabango wana vipande vya 8mm na 10mm vinabaki, unapata kwa bei ya chini sana, alafu unaona chini mashine inavyofanya kazi. nimeona video nyingi wanaitumia

---

injinia_pwani

Kijana wa Shela, paspeksi itafanya kazi siku ya kwanza, shida inakuja baadaye. Acha nieleze kwa hesabu kidogo kwa sababu hili swali linarudi kila mara na watu wanajibu kwa kukisia.

Kila kitu kina ugumu wake wa asili. Alumini ni kama 70 kwa kipimo cha gigapaskali, chuma ni 200, paspeksi ni kama 3, polikaboneti ni chini ya hapo kidogo. Maana yake bamba la alumini na la paspeksi zikiwa na unene ule ule, alumini ni ngumu zaidi ya mara 20. Lakini unene nao una nguvu sana hapa, ukiongeza unene mara mbili ugumu unaongezeka mara nane, sio mbili. Ukipiga hesabu, ili paspeksi ilingane na alumini ya milimita 6 inatakiwa iwe kama milimita 17. Ukiweka ya 17 umerudi kule kule kwa seremala wa Maweni, umekula urefu wa biti.

Na hiyo ni siku ya kwanza tu. Plastiki ikibebeshwa mzigo muda mrefu inalegea polepole, na joto la mota linaisaidia kulegea. Baada ya muda katikati inazama. Pleti iliyozama katikati ni mbaya kuliko iliyoinuka, kwa sababu mbao ikifika pale inashuka, ribeti inaanza na kina kimoja, katikati kingine, mwisho kingine, na fundi anabaki anailaumu biti. Juu ya hayo paspeksi inapasuka kuanzia kwenye mashimo ya skrubu ikitetemeshwa. Polikaboneti haipasuki hivyo, lakini inapinda zaidi.

Kwa trima ndogo ya kilo moja na nusu paspeksi ya 10 sawa kabisa. Kwa 3612 sikushauri, na nasema hivi kwa usalama wako, mashine inayozunguka mara 22,000 kwa dakika hutaki ining'inie kwenye kitu kinachoweza kupasuka.

---

fundi_mkomani

Ahsante sana injinia, hii ndio nilikuwa naitaka, mtu anieleze kwa nini. Na chuma je? Bamba la chuma la milimita 4 au 5 napata hapa hapa kwa mafundi wa mageti.

---

injinia_pwani

Chuma cha milimita 4 na kidogo kinalingana na alumini ya 6 kwa ugumu, kwa hivyo 5 inatosha na kubaki. Uzito ndio unapanda, pleti ya alumini ya kipimo chako ni kilo moja na kidogo, ya chuma ya 5 inakaribia kilo 3. Si tatizo la meza, ni tatizo la mkono wako ukiitoa na mashine chini yake kila ukibadilisha biti.

Tatizo la pili ni unyofu. Bamba likikatwa kwa gesi linajikunja, na la skrepu mara nyingi lishapigwa. Ukichukua chuma, kikatwe kwa mashine ya mkasi au kwa grenda pole pole, kisha weka rula ya chuma pembe kwa pembe, njia zote mbili, uishike kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati bamba limezama huku, ligeuze, ule upande ulioinuka kidogo ndio uwe juu. Kuinuka kwa unene wa karatasi si neno. Kuzama ndio usikubali.

---

matondoni_jahazi

Mimi natengeneza mashua, rauta situmii sana lakini kutu naijua. Hapa kwetu chuma kitupu usiku mmoja wa kusi kishageuka rangi. Kama lazima chuma basi kisuguliwe na nta ya nyuki kila ukimaliza kazi, sio mafuta ya mashine, mafuta yaingia kwenye mbao na vanishi haitashika. Alumini ni bora, lakini skrubu za chuma cha kawaida ndani ya alumini penye chumvi zinagandana, alumini yafanya unga mweupe pale kwenye shimo na skrubu haitoki tena. Weka skrubu za stenlesi na upake grisi kidogo kwenye uzi wake kabla hujakaza. Kwa mashua hivyo ndivyo tunavyofanya.

---

mama_fanicha_mld

Mimi mwanamke na ni seremala, niko Malindi, na meza yangu ya rauta haina alumini wala chuma. Nimetumia marine board, ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia slabu yenye ngozi laini inayong'aa. Ile ngozi ni karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoliki, jamii moja na bakelaiti (ile plastiki ngumu ya kizamani), ndio maana maji hayaingii na mbao inateleza vizuri sana juu yake. Nimetumia ya 12mm kwa pleti, na juu ya meza yenyewe nimeweka ya 18 mbili zilizogandishwa kwa gundi. Rauta yangu ni ndogo kuliko yako, lakini haijazama, naipima na rula kila nikianza kazi kubwa.

Siri ni kingo. Ukiikata, ule ubavu uliokatwa unabaki wazi na ndipo unyevu unapoingia, kwa hivyo nilizipaka ipoksi mara mbili na mashimo ya skrubu pia ndani. Fundi wa Mkomani kabla hujaenda kutafuta alumini Mombasa hebu angalia kwanza pale wanapojenga, vipande vinabaki.

---

injinia_pwani

Dada wazo lake ni zuri na hesabu inamuunga mkono. Plaiwudi nzuri ya milimita 12 kwa ugumu haiko mbali sana na alumini ya 6, kwa sababu ya ile mara nane ya unene. Masharti mawili: iwe plaiwudi isiyo na matundu ndani, na vichwa vya skrubu vikae juu ya washa pana, usitegemee plaiwudi peke yake kushika kichwa kidogo, kitazama kidogo kidogo kwa mtetemeko. Unapoteza milimita 6 za urefu wa biti ukilinganisha na alumini. Kwa ribeti ya 10 kwa 10 hutahisi.

---

fundi_stima_lamu

Mimi ni fundi wa stima. Nina bodi za zamani za bakelaiti kutoka kwenye paneli za kale za fyuzi, nyeusi, nene kama nusu inchi, ngumu sana. Zinafaa? Naweza kukupa bure ndugu yangu.

---

injinia_pwani

NAOMBA USIZIKATE. Wala usizitoboe, wala usizipige msasa. Bakelaiti yenyewe ni kitu kizuri, Leo Baekeland aliigundua 1907, na bodi za fenoliki zinazouzwa mpya leo, wengine wanaziita Tufnol, ni pleti bora sana kwa rauta, milimita 10 au 12 inatosha. Lakini zile bodi nyeusi za paneli za zamani, baadhi yake zilitengenezwa na asbesto ndani kwa ajili ya kuhimili moto, na kwa macho huwezi kutofautisha. Vumbi la asbesto likiingia kwenye pafu halitoki, na kansa yake inakuja miaka mingi baadaye. Ziache zilivyo, usizivunje, na wasichezee watoto. Hakuna pleti ya thamani hiyo.

---

fundi_stima_lamu

Subhanallah. Nimezikata hizi kwa wateja wengine siku zilizopita sijui hata. Ahsante, ntazifunga kwenye nailoni niziweke mbali.

---

mzee_wa_nakshi

Wanangu nawasoma. Mimi nakshi nachonga kwa patasi na kinyundo tangu utoto na nimefundisha vijana. Mji huu uliwekwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, na milango yetu ni katika yale watu wanayokuja kuyaangalia. Nakuuliza wewe fundi wa Mkomani kwa uzuri tu, hii mashine wataka kuifanyia nini kwenye mlango? Kama ni ribeti ya kioo na mifuo iliyofichika sina neno, hata sisi tulitumia randa ya ribeti na randa nayo ni mashine ya wakati wake. Lakini mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na kizingiti cha juu usipitishe rauta. Biti yakata kina kimoja mwanzo mwisho, na nakshi uhai wake ni kina kupanda na kushuka.

---

fundi_mkomani

Shikamoo mzee. Nimekusikia na niko pamoja nawe kabisa. Mfaa na kizingiti vyachongwa kwa mkono, vile vile nilivyofundishwa, na sitaki kubadilisha. Rauta ni ya ribeti, ya mifuo ya paneli na ya ukanda mwembamba unaozunguka kioo. Nikiokoa saa za kazi ile isiyoonekana napata saa za kuchonga kwa utulivu ile inayoonekana.

Wadau, nimeamua alumini ya milimita 6. Kuna jamaa wa leth (mashine ya kukereza vyuma) Malindi amesema ana kipande, atanikatia 235 kwa 298 na atakitia kwenye basi. Sasa nisaidieni mashimo, hapa ndipo ninapoogopa.

---

mzee_wa_nakshi

Marahaba. Basi Mungu akubariki, endelea.

---

seremala_maweni

Mashimo usiyaogope, kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: toa ile bamba nyeusi ya plastiki iliyo chini ya rauta, igandishe juu ya alumini kwa tepu ya pande mbili na uitumie kama tempuleti. Ni rahisi, ila ukiigandisha upande wa juu wa pleti kumbuka rauta itakaa upande wa chini, kwa hivyo mashimo yanageuka kushoto kulia. Kama ya mashine yako yamepangwa sawa pande zote hakuna shida, kama hayakupangwa sawa umeharibu pleti. Igandishe upande wa chini, toboa kutoka chini, ndio salama.

Njia ya pili ndio naipenda zaidi. Tafuta skrubu zenye uzi sawa na zile zinazoshika plastiki, peleka moja hadwea kama sampuli usikisie. Kata vichwa, noa ncha kwa tupa ziwe kali, zifunge kwenye yale matundu ya rauta zibaki zimetokeza milimita moja hivi, zote sawa. Kisha chomoa waya kabisa kwenye soketi, weka biti ya V kwenye koleti. Kwenye pleti chora pembe kwa pembe upate katikati, piga alama ya ponchi hapo. Shusha biti ya V mpaka ncha yake ikae ndani ya ile alama, zungusha mashine mpaka vishikio vielekee unakotaka, halafu gonga juu ya rauta kwa nyundo ya mpira. Zile ncha zitakuandikia mashimo mahali pake penyewe. Hakuna kupima hapo, mashine imejipima yenyewe.

Toboa na biti ndogo kwanza, kisha kubwa ya nusu milimita zaidi ya skrubu, upate nafasi ya kusogeza kidogo. Upande wa juu zamisha vichwa kwa biti ya kauntasinki, vishuke chini ya uso wa pleti kabisa, kichwa kikitokeza hata unywele kitakwaruza mbao ya mteja. Skrubu mpya ziwe ndefu kuliko za zamani kwa kiasi cha tofauti ya unene wa ile plastiki na pleti yako, zisiwe ndefu mno zikagusa ndani.

---

mama_fanicha_mld

Na shimo la katikati kaka usifanye kubwa kwa tamaa. Kipande kidogo cha mbao kikifika kwenye shimo kubwa kinaingia kichwa chini, biti inakikamata. Kwa kuwa una mtu wa leth mwambie atoboe shimo la milimita 70 lenye ngazi ya milimita 3 ndani yake, na akutengenezee pete mbili tatu za kukaa kwenye ile ngazi, moja ya tundu la 25, moja ya 40, na moja ubaki nayo bila tundu utaitoboa ukijua biti yako. Kama hataki kutengeneza pete, kata hadibodi nyembamba ifunike meza nzima, ibane kwa klampu, washa rauta na uinue biti pole pole ijitobolee yenyewe. Inafanya kazi ile ile.

---

injinia_pwani

Naongeza: hiyo 3612 haina kidhibiti cha mwendo, iko 22,000 tu. Biti mpaka inchi moja sawa. Zile kubwa za kuchonga kingo za paneli, kipenyo cha inchi mbili na nusu au tatu, zinataka kama 10,000 mpaka 12,000. Usizitie kwenye mashine hii hata shimo la pleti likiruhusu. 3612C ndio yenye kidhibiti, inashuka mpaka 9,000.

---

kijana_wa_shela

na kuinua na kushusha mashine ikiwa chini ya meza unafanyaje? zile springi si zinaisukuma

---

seremala_maweni

Jeki ya gari, ile ya kukunja. Ipate kwa skrepu, ifunge kwenye ubao chini ya meza, kichwa chake kisukume mgongo wa rauta. Zungusha skrubu ya jeki nusu duara mashine inapanda kidogo sana, unapata kipimo safi. Lakini jeki ni ya kuinulia tu. Ukishafika kipimo funga loki ya rauta yenyewe kabla hujawasha, kila mara.

---

fundi_stima_lamu

Hapa na mimi nina neno, kwa kuwa ni la stima. Ukifunga rauta chini ya meza watu wengi wanafunga swichi ya mashine iwe imewashwa daima kwa kamba au tepu, halafu wanawasha ukutani. Usifanye hivyo. Stima ikipotea, na hapa yapotea, unasahau, unaingiza mkono kuifuta biti au kubadilisha, stima inarudi na mashine inaamka na vidole vyako juu yake. Nunua swichi ya kujizima, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu na sumaku ndani. Stima ikikatika inajitoa yenyewe, ikirudi haiwaki mpaka ubonyeze. Iweke mbele ya meza mahali goti linafika. Bei yake si kitu mbele ya vidole. Na kubadilisha biti chomoa waya, hata kama swichi ipo.

---

fundi_mkomani

Hili la swichi nalichukua kwa mikono miwili, Mungu akulipe.

Swali la tundu la kwenye meza: pleti inakaa kwenye ngazi, sawa, lakini mnaikata vipi ikae bila kuchezacheza?

---

seremala_maweni

Weka pleti juu ya meza mahali inapokaa, izungushie vipande vinne vya mbao nyoofu vilivyobanana nayo kabisa, vigandishe kwa tepu ya pande mbili na klampu, kisha toa pleti. Umebaki na fremu yenye kipimo cha pleti yako halisi, si cha karatasi. Sasa tumia biti yenye beringi juu, beringi ipite kwenye zile mbao, ikate kina sawa na unene wa pleti na nywele moja zaidi. Usimalize kina chote kwa mpigo mmoja, mara mbili tatu. Ukimaliza hapo kata katikati kwa jigsoo ukiacha ngazi ya milimita 12 pande zote.

Pembe za pleti zifuate biti. Kama biti yako ni ya milimita 19, pembe itabaki na mviringo wa 9 na nusu, kwa hivyo pembe za pleti zisuguliwe kwa tupa mpaka zilingane. Ni rahisi kuliko kuchonga pembe za meza kwa patasi.

Ile nywele moja ya ziada ndio inakupa kusawazisha. Tia skrubu ndogo nane kwenye ngazi, mbili karibu na kila pembe, pleti ikae juu ya vichwa vyake. Unazipandisha na kushusha kwa bisibisi mpaka rula ipite juu ya meza na pleti bila kugusa kokote. Hapa kwetu plaiwudi inavimba msimu wa mvua, hivyo utazirekebisha mara kwa mara, ndio kazi yake.

---

matondoni_jahazi

MDF usitumie kwa meza huko mjini karibu na maji, yavimba kwenye ngazi pale na pleti yainuka upande mmoja. Marine board kama alivyosema dada.

---

fundi_mkomani

Wadau, pleti imefika na imefungwa.

Alumini ya 6, mtu wa leth aliitoboa 70 na ngazi na akatoa pete tatu, kazi safi. Mashimo nimefanya kwa njia ya ncha na biti ya V, yamekaa yote, sikulazimisha hata skrubu moja. Skrubu stenlesi na grisi. Meza marine board mbili, swichi ya kujizima imefungwa. Rula pembe kwa pembe haipitishi mwanga.

Leo nimepitisha mbambakofi, ribeti ya 10 kwa 10, milimita 3 kwa mpigo, kulia kwenda kushoto, na ubao umetoka na kina kimoja mwanzo mpaka mwisho. Wallahi nimefurahi. Mvule nimeupitisha pia, nikagundua biti inagonga kitu kigumu ndani, ni yale mawe meupe ya mvule, nikatoa na kunoa.

Kitu kimoja kimebaki. Alumini inaacha weusi kwenye mbao nyeupe, nilijaribu kipande cha mwembe kikatoka na mistari. Mbambakofi haionekani.

---

matondoni_jahazi

Nta ya nyuki. Sugua pleti kwa msasa laini sana wa maji kwanza, futa mpaka kitambaa kitoke safi, kisha nta, kisha futa tena. Weusi utakwisha na mbao itateleza.

---

mama_fanicha_mld

Hongera sana kaka, mashallah. Sasa kabla hujaanza vipande vya mviringo, kama upinde wa juu wa dirisha, toboa tundu moja la ziada kwenye pleti, kama sentimita 6 kutoka kwenye biti upande wa kulia, litie uzi na ufunge pini ya shaba. Kazi ya mviringo haitumii fensi (ule ubao mnyoofu wa kuongozea mbao), unaegemeza mbao kwenye pini kwanza, ndio unaisogeza mpaka iguse beringi ya biti. Bila pini, mwanzo wa mkato biti inaivuta mbao mkononi. Na usipitishe ubao wowote kati ya biti na fensi, unarushwa.

---

fundi_mkomani

Pini naitoboa kesho asubuhi inshallah, nina upinde wa dirisha la mvule wasubiri. Shaba ipo, nimekata bolti ya zamani ya mashua.